Maneno ya Mkia Mmoja

Wiki iliyopita kijana wa marehemu Karani alinitumia kwa simu kijitabu cha mazishi ya baba yake. "Mwalimu, tafadhali tuangalizie Kiingereza kabla tupeleke kwa printa," aliandika. Nilikuwa jikoni nikichambua minji. Nilinawa mikono, nikavaa miwani, nikaketi, nikasoma wasifu ule wa kurasa nne neno kwa neno, polepole, kwa raha zangu. Makosa yalijaa kutoka juu mpaka chini. Mahali pamoja waliandika kwamba mzee alikuwa "a great aggravation to his community". Walitaka kusema nini hasa, sijui. Walichosema ni kwamba alikuwa kero kubwa kwa watu wake, na hiyo ndiyo sentensi ya kweli pekee niliyoiona humo.

Nikamjibu: "Iko sawa kabisa, msibadilishe kitu. Poleni sana."

Jumamosi nilienda mazishini, nikakaa safu ya tatu, leso kichwani, nikasikia mjukuu wake akiisoma sentensi ile kwenye kipaza sauti, mbele ya maaskofu na waheshimiwa. Wachache walikohoa. Mimi niliinamisha kichwa kama mtu anayeomba. Wenye mioyo safi mtanilaumu, na mnilaumu tu. Mimi na marehemu tulikuwa na hesabu ya zamani, na kifo si kifutio.

Ninyi wa rika langu, mliolelewa kwenye miteremko ya Othaya, sina haja ya kuwaelezea harufu ya faktori ya kahawa msimu wa kuchuma. Ile harufu ya maganda yanayooza, tamu na chachu kwa pamoja, inayoingia mpaka kwenye blanketi. Sisi tulikaa chini kabisa ya ukingo, karibu na mto, na faktori ilikuwa juu yetu. Chochote kilichotoka kwenye mashine ya kumenya buni kiliteremka kuja kwetu. Maji ya mto yaligeuka rangi ya chai ya mkandaa, yakawa na povu kwenye mawe. Tukiyaoga tulijikuna miguu hadi damu. Mama aliyachemsha, akayachuja kwa kitambaa, na bado uji ulinuka faktori.

Mimi ni msichana wa kwanza kwetu, kwa hiyo nilipewa jina la mama yake baba, kama desturi yetu ilivyo. Na kwa sababu hiyo baba hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita Maitũ, yaani mama yangu. "Maitũ, niletee kofia." "Maitũ, umekula?" Nyanya mwenyewe nilimkuta ameshakufa, lakini sifa zake nilizikuta hai. Ilisemwa kwamba aliwahi kumzaba kofi askari wa chifu kwa kumsukuma kijana wake, na kijana huyo ndiye baba yangu. Hadithi hiyo ilisimuliwa kila Krismasi, na kila ilipofika kwenye kofi, watu walinigeukia mimi na kucheka, kana kwamba mkono uliozaba ulikuwa huu wangu. Nami niliamini. Mtoto wa miaka kumi haambiwi kwamba desturi ni heshima tu. Niliamini kabisa kwamba mimi ni mama wa baba yangu, na kwamba mtu akimgusa, kofi ni jukumu langu.

Baba alikuwa msemaji. Aliishia darasa la nne, lakini akifungua kinywa, watu walisogeza viti. Ukoo ukienda kuposa, yeye ndiye aliyetangulizwa kusema, na alijua kuzunguka, kutania, kumsifu mbuzi aliyekonda mpaka wenye binti wakacheka na kumpokea. Watu walimfuata kutoka hata Murang'a. Walikuja nyumbani wakanywa chai, wakasema, "Tumekuja kuomba mdomo wako." Mimi nilikuwa nikimimina chai hiyo nikiwa na kiburi kisichopimika.

Karani naye alikuwa mwenyekiti wa faktori. Jina hilo alilipata kwa sababu alifanya kazi ya ukarani mjini kwa miaka mingi, akastaafu, akarudi na mkoba wa ngozi, suti ya kijivu na Kiingereza. Kiingereza hicho hakikuwa cha kuzungumza. Kilikuwa cha kuonyesha, kama saa ya dhahabu.

Siku ya mkutano wa wanachama, watu wazima walikaa kwenye nyasi za uwanja wa faktori, na sisi watoto tukapanda juu ya ukuta wa matangi. Alikuwepo mgeni, ofisa wa serikali aliyeletwa kutoka mbali, asiyejua Kikuyu. Kwa ajili yake mkutano ukafanywa kwa Kiswahili. Baba alisimama, kofia mkononi.

"Mimi niko na swali moja tu," alisema. "Hii maji inatoka kwa mashine, inaenda wapi? Kwa sababu sisi wa huko chini ndio tunakunywa. Watoto wangu wanajikuna. Ng'ombe yangu imekataa hiyo maji, na ng'ombe haijui siasa. Nauliza bila ubaya."

Watu walicheka vizuri, kicheko cha kumuunga mkono. Wanawake wa upande wetu wakapiga makofi. Nikaona Karani akiinuka, akifunga kifungo cha koti, akimgeukia mgeni badala ya baba.

"Mister Visitor, sir! The member has made an allegation. This allegation is a fabrication! It is a provocation! It is lack of education! Let me give you the information. Under my administration there is total contamination of that water. Total contamination! I have seen to it personally, with dedication!"

Kila alipofika mwisho wa neno alilivuta kwa lafudhi yetu: alegesheni, fabrikesheni, provokesheni. Kwenye sheni ya tatu mtu mmoja alicheka. Kwenye ya tano walicheka wengi, na waliokuwa wamempigia baba makofi nao wakaanza kumpigia yeye, maana ilikuwa kama ngoma, mdundo wake unajua utaangukia wapi. Yule mgeni alitazama viatu vyake na kutabasamu kidogo. Leo najua kwamba alielewa kila neno, na alinyamaza kwa sababu alikuwa ameandaliwa nyama. Yeye pia sijamsamehe.

Baba alingoja. Alidhani atatafsiriwa. Kelele zilipopungua akasema, kwa adabu, "Sijasikia jibu, mwenyekiti."

"Jibu umepewa," Karani alimwambia. "Kama hukuelewa, rudi darasa la nne uendelee pale uliachia."

Uwanja mzima ulilipuka. Nilimwona baba akitafuta la kusema, yeye ambaye hakuwahi kutafuta. Akavaa kofia, akaketi. Nilishuka ukutani nikiwa nimejikwaruza magoti yote mawili, na sikusikia maumivu mpaka nilipofika nyumbani.

Kabla ya wiki kuisha, baba alikuwa ameshabatizwa Sheni. Walimwita hivyo dukani, njiani, hata kanisani. Shuleni mimi nikawa mtoto wa Sheni. Hilo ningelivumilia. Lakini wajumbe wa posa walipokuja tena, baba aliwapa chai na kuwaambia koo linamsumbua. Wengine walipokuja, koo bado lilimsumbua. Mwisho hawakuja tena. Jioni alikaa kwenye kigoda chake na kutazama moto, na mama akimuuliza kitu, alijibu kwa kichwa. Watu wanaosema maneno hayaui hawajaishi na msemaji aliyenyamaza.

Mimi niliamua kulipiza. Kofi nisingeweza, maana Karani alikuwa mrefu. Basi nikakaa nikafikiri kitoto, na fikira zangu zilikuwa hivi: mtu huyu ana silaha, na silaha zake zote ni za familia moja, zina mkia mmoja. Yeyote mwenye nyingi kuliko yeye atamshinda. Sikujua maana ya hata moja. Nilidhani zote ni matusi. Kwa muda mrefu niliogopa hata kutamka polisi stesheni mbele ya wakubwa.

Bahati yangu ilikuwa Mwalimu Nekesa. Alikuwa msichana kutoka magharibi, kazi yake ya kwanza, amepanga chumba kimoja pale sokoni, analia baridi yetu kila asubuhi. Alitufundisha Kiingereza kwa mtindo wake. Kila Ijumaa aliandika ubaoni herufi mbili au tatu, na kila mwanafunzi alitakiwa kuleta Jumatatu maneno matano yenye herufi hizo pamoja na maana zake. Siku moja ilikuwa "gh", siku nyingine "kn". Wenzangu walikopiana kwenye foleni ya asubuhi. Mimi nilimfuata ofisini, nikamwomba tafadhali siku moja atupe herufi t, i, o, n, zikiwa mkiani.

"Kwa nini hizo?" aliuliza.

"Nazipenda tu, Mwalimu."

Alinitazama, akacheka. "Hizo ni nyingi sana, mami. Hizo hazina mwisho. Sasa, mimi niko na dikshonari kubwa. Kama unataka kuzitafuta, kuja saa ya lunch ukae nayo. Lakini usinichafulie."

Kwa malipo nilimletea managu kutoka shambani kwetu, kwa kuwa alilalamika kwamba watu wa hapa hawajui mboga. Nikawa nakaa kwenye dawati la nyuma kila saa ya chakula, mkate wa viazi mkono mmoja, kamusi mbele yangu. Ilikuwa imeng'oka jalada na kunuka mafuta ya taa. Na hapo ndipo nilipokutana na tatizo ambalo hata leo najivunia. Kamusi hupangwa kwa vichwa vya maneno. Mikia haina mpangilio, imetawanyika humo ndani kila mahali. Aliyetaka mikia hakuwa na njia ila kusoma kitabu chote, ukurasa baada ya ukurasa, toka herufi ya kwanza.

Nikasoma chote. Nilisoma kwa kidole, nikinakili kwenye daftari la mistari: neno upande huu, maana kwa Kiswahili upande ule. Nilipokwama nilimuuliza Mwalimu. Nilikusanya hata nje ya kamusi, kwenye chupa za dawa ya ng'ombe, kwenye mifuko ya mbolea, kwenye karatasi iliyofungiwa samli. Precaution, tahadhari. Inflammation, uvimbe wa moto. Irrigation, kumwagilia maji. Constipation nilipoipata nililala na furaha, nikimwona Karani nayo. Kidogo kidogo niligundua kwamba si yote yalikuwa matusi. Station ilikuwa kituo tu. Vacation ilikuwa likizo. Nilivunjika moyo kidogo. Lakini allegation, nilipoipata mapema kwenye A, ilikuwa dai ambalo bado halijathibitishwa, na nikakumbuka baba akiwa amesimama na kofia mkononi. Hakudai kitu. Aliuliza swali.

Halafu nikafika kwenye C. Ilikuwa mchana wa mvua, wenzangu wanarukaruka kwenye veranda kupata joto. Kidole changu kilisimama kwenye contamination. Nilisoma maana yake mara tatu, nikachukua kamusi nzima mpaka mezani kwa Mwalimu.

"Mwalimu, hii neno inaweza kuwa nzuri? Mtu anaweza kuisema akijisifu?"

Alisoma, akatikisa kichwa. "Aa, hii ni mbaya tu. Ni kuchafua. Kama maji safi umeingiza sumu ama takataka. Umeitoa wapi?"

"Kwa chupa ya dawa ya ng'ombe," nikadanganya.

Nilirudi kwenye dawati, nikalinakili neno lile kwenye daftari. Karani alisimama mbele ya watu wote akajigamba, kwa mdomo wake, kwamba chini ya uongozi wake maji yale yamechafuliwa kabisa, na kwamba alisimamia mwenyewe. Na watu wanaokunywa maji hayo wakampigia makofi. Na baba yangu, aliyekuwa na haki, akarudishwa darasa la nne.

Ningeweza kumwambia baba jioni ile ile. Ningefika nyumbani, nikamkuta kwenye kigoda, nikamwambia, "Baba, yule mtu alikubali. Swali lako lilijibiwa." Labda angecheka. Labda angevaa kofia na kupanda kule faktori mwenyewe, akasema kwa mdomo wake. Sikumwambia. Nilitaka uwanja. Nilitaka Karani asimame pale pale baba aliposimama, watu wakiwa wengi vile vile. Nililificha neno lile miezi mitatu, nikilitoa usiku chini ya blanketi na kulipapasa, na kila baba alipoitwa Sheni mbele yangu nilijiambia, ngoja.

Siku ya wazazi ilipotangazwa, mgeni wa heshima alikuwa nani? Mwenyekiti wa faktori, bila shaka. Mwalimu Nekesa alipanga darasa letu lionyeshe ule mchezo wa herufi: mgeni achague herufi, mwanafunzi asimame ataje maneno na maana zake. Aliniweka wa mwisho kwa sababu nilikuwa bora. Maskini, hakujua alichokiweka mwisho.

Wazazi walikaa kwenye viti vya kanisa, baba safu ya nyuma karibu na ua. Karani alivaa suti ileile ya kijivu na shada kifuani. Alichagua herufi kwa madaha, akamchagulia huyu, akamchagulia yule. Zamu yangu ilipofika nilisimama kabla hajafungua kinywa.

"Mimi nimechagua yangu mwenyewe," nilisema. "Ni t, i, o, n, za mkia."

Mwalimu alinitolea macho. Karani akatabasamu. "Very good. Proceed."

Nikaanza. Sikupiga kelele. Allegation: dai lisilothibitishwa. Fabrication: uongo wa kutunga. Provocation: uchokozi. Nilizitaja kwa mpangilio wake yeye, kama alivyozisema siku ile, na kufikia la tatu nikaona watu wameanza kugeukiana. Mtu akanong'ona, "Sheni." Kicheko kidogo kikapita. Karani hakucheka. Administration: uongozi. Dedication: kujitolea. Halafu nikamgeukia yeye.

"Mgeni wetu wa heshima alituambia pale faktori iko na total contamination. Mimi naomba atusaidie. Maana yake ni nini?"

Karani aliinuka nusu, akaketi, akainuka tena. Akavuta koti.

"Contamination," alisema, "ni... ni maneno ya kitaalamu. Ni kama... kuweka sawa. Kutengeneza."

"Hapana," nilisema. "Ni kuchafua maji kwa sumu na takataka. Iko kwa dikshonari. Ulisema umechafua maji yetu yote, na umesimamia wewe mwenyewe."

Mama mmoja mzee, mwenye kuteka maji pale chini kila siku, alimuuliza jirani yake kwa Kikuyu, kwa sauti ya kiziwi, "Ati alisema nini?" Jirani akamtafsiria. Yule mama akainuka, fimbo mkononi, akasema, "Kumbe hata yeye anajua!" Hapo watu wakacheka. Sijawahi kusikia kicheko kitamu namna ile, na nimeishi miaka mingi. Walicheka wanawake kwanza, kisha wanaume, kisha watoto ambao hawakujua wanacheka nini. Mwalimu mkuu alikimbia kuwaita waimbaji. Karani aliketi na shada lake, jasho likimtiririka kwenye kola, na mimi nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilimtazama mpaka akaangalia pembeni. Hata leo nikiwa na siku mbaya huichukua picha hiyo na kuitazama.

Na ilifanya kazi, asikudanganye mtu. Wanawake walipanda faktori wiki ile ile na ndoo zao za maji machafu, wakazimwaga mlangoni pa ofisi. Mashimo ya kunyonya maji yakachimbwa. Karani hakurudishwa kwenye kiti, na jina la Sheni likahama kwa baba likamfuata yeye mpaka kaburini. Mwalimu Nekesa aligombezwa ofisini hadi akalia, na akanipita kwenye veranda siku mbili bila kunisemesha, kisha siku ya tatu akaniletea andazi. Hilo la kumliza ndilo pekee nililolijutia wakati ule.

Lakini nirudi siku ile. Kicheko kilipoanza, mimi nilimtafuta baba kwa macho. Nilitaka kumwona akicheka. Nilifanya yote yale ili nimwone akicheka. Alikuwa ameketi, kofia magotini, akinitazama, na uso wake sikuweza kuusoma.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa njia ya chini. Mama alikuwa mbele yetu na wanawake wengine, wakiimba. Tukafika darajani.

"Maitũ," alisema. "Hayo maneno, umeyajua tangu lini?"

"Tangu mvua."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka nimlipize mbele ya watu."

Alikubali kwa kichwa. Tukapanda kidogo. Akasimama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, na bila kunitazama akauliza, "Na mimi nikiongea Kiswahili mbele ya watu, wewe hunisikia aje?"

Nilikuwa nimelewa ushindi. Nilikuwa mtoto. Nilitaka kumpa kitu kizuri, na kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo kilikuwa ukweli. Nikamwambia, "Unakosea, baba. Unakosea mingi. Lakini mimi sicheki."

Alimaliza kufunga kamba. "Asante, Maitũ," alisema.

Kuanzia hapo koo halikupona. Alianza kunitanguliza. Barua ikija, "Maitũ asome." Mgeni akija, "Maitũ ndiye atasema." Kwenye arusi yangu mwenyewe, msemaji wa ukoo alikuwa binamu yake, mtu mwenye sauti ya mbuzi. Kila nilipokuwepo, baba alitafuta neno, akalishika, akanitazama kuona kama liko sawa, kisha ndipo akalisema. Hata kwa Kikuyu, lugha aliyoninyonyesha yeye. Nikiwa sipo, mama aliniambia, angalau alikuwa anaongea kidogo. Niliposomea ualimu wa Kiingereza alijivuna kwa kila mtu, na barua zangu kutoka chuoni hakuzijibu hata moja.

Nimejaribu kumwekea Karani hilo nalo kwenye hesabu yake. Nimejaribu miaka na miaka. Huwa linakataa kukaa.

Mwaka baba aliougua nilimpeleka hospitali moja Nyeri. Daktari alikuwa kijana, akauliza kwa Kiingereza maumivu yalianza lini. Baba akanigeukia. "Mwambie, Maitũ. Wewe ndiye uko na maneno." Nikamwambia daktari kwamba baba hajanieleza anaumwa wapi. Daktari akafahamu, akavuta kiti, akamuuliza yeye mwenyewe, kwa Kikuyu safi, kama kijana anavyomuuliza mzee wa kwao.

Baba alifungua kinywa, kisha akanitazama mimi kwanza.

Nilisema nimesahau kitu kwenye gari. Nikatoka, nikaurudisha mlango nyuma yangu, nikasimama kwenye korido. Halafu nikamsikia. Alianza chini, akapanda, akazunguka, akamtania daktari kuhusu mikono yake laini, na daktari akacheka, na baba akaendelea kusema, yule yule wa zamani ambaye watu walimfuata kutoka Murang'a. Muuguzi mmoja alinikuta nimeegemea ukuta akaniuliza kama natafuta mtu. Nikamwambia hapana. Nilikaa pale nje mpaka baba akamaliza, na sikumuuliza walizungumza nini.